Uzi: Gia boksi ya otomatiki imegoma. Kuikarabati au kuweka nyingine?

BeringiNne

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: gia boksi imegoma, ifunguliwe au ing'olewe iwekwe nyingine? Jibu la neno moja halipo, maana "gia boksi imekufa" ni kauli inayobeba magonjwa mengi yasiyohusiana. Solenoidi (valvu ya oili inayoendeshwa na umeme) iliyokatika waya ndani ni kazi ya kushusha sampu, lile bakuli la oili la chini. Planetari (seti ya gia za ndani) iliyosagika meno ni habari nyingine kabisa. Lakini dereva anaona kitu kilekile: gari limejifungia gia moja (nyingi hubaki ya tatu, Mercedes zenye gia boksi ya 722.6 hubaki ya pili) na taa imewaka.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Usiamue chochote kabla hujaona data ya kompyuta, oili na sampu, presha, na kilichosababisha. Bila hivyo, anayesema "badilisha" na anayesema "fungua" wote wanabahatisha kwa hela ya mwenye gari.

Anza na umeme. Betri iliyotulia isome volti 12.4 au zaidi, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5 kwa magari mengi. Umeme ukiyumba, kompyuta ya gia boksi inaweza kutoa kodi (namba za hitilafu) za solenoidi ambazo ni nzima kabisa.

Halafu soma kodi za hitilafu. P0700 peke yake haina habari, ni kompyuta ya gia boksi inaomba taa iwashwe. Habari yenyewe iko kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo kile kisomeo kidogo cha injini hakitoshi. P0715 na P0720 ni sensa za mzunguko wa kuingia na wa kutoka. P0731 hadi P0735 zinasema uwiano wa gia ya 1 hadi ya 5 haupatikani, P0736 ni wa rivasi na P0729 ni wa gia ya 6, yaani kuna kuteleza. P0741 ni kufuli la toki konveta, kile kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi. P0868 ni presha ndogo ya oili.

Kodi ya saketi inakuelekeza kwenye waya, konekta na sensa, na mara nyingi inatibika gia boksi ikiwa garini. Kodi ya uwiano inakuelekeza kwenye presha na klachi, na hapo ndipo mjadala wa kukarabati au kubadilisha unapoanza.

Voltimita

Mkuu umesema kweli, ila kwenye saketi watu wanaruka hatua. Usinunue solenoidi kabla ya kuipima. Pima ukinzani kwenye plagi kubwa ya gia boksi, ikiwa baridi, kisha rudia ikiwa imepata moto. Kwenye Toyota nyingi zenye gia boksi za Aisin, solenoidi za kuwasha na kuzima husoma ohm 11 hadi 15 kwenye nyuzi 20, na zile za kurekebisha presha husoma 5.0 hadi 5.6. Ikisoma vizuri baridi halafu ikakatika moto, umepata mgonjwa wako, na ndiyo maana gari linakuwa zuri asubuhi na kuharibika baada ya mwendo.

Na kwa wenye 722.6: kabla hujaambiwa gia boksi imekwisha, chomoa plagi ya duara yenye pini 13. Oringi zake zikichakaa, oili inapenya na kupanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta. Ukikuta konekta ya kompyuta ina oili, badilisha adapta ya plagi, safisha waya, kagua kompyuta. Ndani ya sampu kuna bamba la umeme lenye sensa za mzunguko, nalo huharibika peke yake. Hapo hakuna sababu ya kuishusha gia boksi.

Tandamti

Naomba kuuliza, sampu inasomwaje? Kila ukishusha unakuta chuma kwenye sumaku. Kipi ni cha kawaida na kipi ni msiba?

MzeeWaSampu

Swali zuri, maana wengi wanatishwa na sumaku bure.

Chukua kidogo, kisugue kati ya vidole viwili. Kikiwa laini kama masizi, cha kijivu, hakichomi, huo ni mchakao wa kawaida. Ukihisi punje, au ukaona vipande vinavyometa vyenye kingo, vyuma vikubwa vinaliwa: beringi, planetari, au meno ya difu.

Angalia pia kisichoshikwa na sumaku. Vipande vya rangi ya shaba vinatoka kwenye bushi na washa. Vyeupe laini ni alumini, mara nyingi nyumba ya pampu, valvu bodi (bamba lenye valvu na njia za oili) au toki konveta. Vyeusi vinavyovunjika ukivibana ni ngozi ya pleti za klachi. Chana filta uangalie ndani yake, usiishie kwenye sampu, kwa kuwa filta ndiyo inayoshika yale yanayoelea.

Oili kuwa nyeusi peke yake si hukumu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua pamoja na vipande vyeusi ndiyo hukumu ya klachi.

Kuna kesi moja haina mjadala: oili yenye rangi ya waridi iliyochafuka, nzito, yenye povu. Hayo ni maji ya rejeta yameingia. Kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka. Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za katikati ya miaka ya 2000 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu. Maji hayo hulegeza gundi inayoshikilia ngozi za klachi, na pia hushambulia vyuma na umeme wa ndani. Kumwaga oili mara kadhaa kunaokoa pale tu ilipogunduliwa mapema sana. Gari likishatembea nayo, pleti zote zibadilishwe, toki konveta ibadilishwe, na rejeta isirudi.

BeringiNne

Ahsante mzee. Niongeze vipimo viwili vya barabarani na kimoja cha kusimama.

Mtetemo kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta: gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Mtetemo ukikoma papo hapo, ni kufuli la toki konveta, maana kugusa breki kunalifungua. Usipokoma, tazama plagi za moto, koili na mauntingi kabla ya kuilaumu gia boksi.

Pili, soma data mubashara. Kufuli likiwa limefungwa, tofauti kati ya mzunguko wa injini na wa kuingia gia boksi iwe karibu na sifuri. Halafu gawa mzunguko wa kuingia kwa wa kutoka, linganisha na uwiano wa gia husika kwenye kitabu. Utajua gia ipi inateleza, na kwa jedwali la klachi za gia boksi hiyo utajua klachi ipi. Mfano, ya 4, ya 5 na ya 6 zikiteleza na za chini ni nzima, tafuta klachi inayotumika kwenye hizo tatu tu.

Cha kusimama: breki ya mguu na ya mkono zote, weka D, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde zisizozidi 5, soma mzunguko. Linganisha na kitabu. Ukizidi kiwango, klachi zinateleza au presha ni ndogo. Ukipungua sana, injini imechoka au klachi ya njia moja ya ndani ya toki konveta haishiki. Iache nyutro dakika mbili ipoe kabla ya kurudia. Kipimo hiki ni cha otomatiki zenye toki konveta za gia za kawaida. Gia boksi za klachi mbili usizijaribu, na CVT (gia boksi ya mkanda na puli) fuata kitabu chake.

Nyutro

Wakuu mnazunguka sana. Kwa maoni yangu kukarabati ni kupoteza muda. Chukua ya mtumba kutoka gari lililogongwa, funga, siku moja umemaliza. Ukifungua gia boksi ya kisasa unakuta ndani kila kitu kimechoka kidogo, na fundi anabadilisha kilichovunjika tu. Baada ya muda mfupi inarudi mezani.

KipimoKwanza

Nyutro, sehemu ya mwisho nakubaliana nawe mia kwa mia. Ukarabati wa "kilichovunjika tu" ndio unaowapa ukarabati jina baya. Ila ya mtumba nayo ina masharti, na wengi hawayatimizi.

Namba ya gia boksi lazima ilingane, siyo umbo. Gia boksi mbili zinaweza kuingia kwenye injini moja, bolti zikakaa, na bado uwiano wa difu ukawa tofauti. Matokeo yake: spidi inasomeka vibaya, kompyuta inaona uwiano usioeleweka, na unaanza kufukuza kodi za P073x kwenye gia boksi nzima. Soma kibandiko cha gari na kibandiko cha gia boksi. Angalia pia kama ni ya matairi mawili au manne, aina ya plagi, na mahali sensa zilipo.

Kabla ya kulipa, shusha sampu. Muuzaji akikataa sampu isishushwe, nenda kwingine. Zungusha shafti ya kuingia kwa mkono, sikiliza beringi. Ikiwa ilikaa nje mvua ikiinyeshea na mashimo ya mipira ya kipoza yako wazi, achana nayo, kutu kwenye valvu hakuonekani kwa nje.

Na ikiwa bado iko chini, mezani, badilisha sili ya shingo ya toki konveta, sili za draivu shafti, filta, gasketi ya sampu, na oringi za mipira ya kipoza. Kwa upande wa injini angalia sili ya nyuma ya krenki. Vitu hivyo ni vidogo, ila kuvifikia baadaye ni kushusha kila kitu upya.

Sasa ukarabati wa kweli una nini ndani? Seti kamili ya sili na gasketi. Pleti zote za klachi, siyo zilizoungua tu. Pleti za chuma zilizopata rangi ya bluu au mawimbi. Pistoni zenye mpira uliogandishwa juu yake. Bushi. Filta. Toki konveta iliyochanwa, ikasafishwa na kuunganishwa upya, au nyingine. Pleti mpya ziloweshwe kwenye oili safi ya aina ileile angalau nusu saa kabla ya kufungwa. Nafasi ya kila pakiti ya klachi ipimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na irekebishwe kwa pleti ya mwisho au snap ringi (pete ya kufungia) ya unene tofauti. Kila klachi ijaribiwe kwa hewa ya kompresa kabla ya kufunika: unasikia "tup" moja safi, hewa haivuji. Ukisikia hewa ikivuja, kuna sili imekunjika.

Fundi anayekwambia hana haja ya fila geji, huyo anakusanya tu, hakarabati.

Voltimita

Na valvu bodi msiisahau. Bodi ni alumini, valvu hucheza humo maelfu kwa maelfu ya mara, na tundu linapanuka. Presha inavuja pembeni ya valvu, klachi inabanwa kwa nguvu pungufu, inateleza, inaungua. Ukiweka klachi mpya juu ya valvu bodi hiyo, umezitoa kafara. Matundu yapimwe kwa vakyumu. Yaliyochoka yanachongwa na kuwekewa valvu nene zaidi au bushi, au bodi inabadilishwa nzima.

Tandamti

Kwa hiyo mstari uko wapi? Lini mnasema "hii haifunguliwi tena"?

KipimoKwanza

Hivi ndivyo ninavyogawa.

Hitilafu ikiwa nje ya klachi (sensa, waya, solenoidi, valvu bodi, sili, toki konveta peke yake na oili bado safi): karabati, bila wasiwasi.

Klachi zimeungua lakini planetari, ngoma za klachi, shafti na nyumba ni vizima: karabati kamili, kama kuna fundi mwenye vifaa vya kupimia na spea zinapatikana. Zikikosekana hizo mbili, weka iliyojengwa upya kiwandani, ile ambayo mbovu yako inarudishwa kwao. Hiyo huja na toki konveta na valvu bodi zilizokwisha kupimwa kwenye mashine.

Nyumba imepasuka, difu imevunjika na pini yake imetoboa ukuta, au vipande vya chuma vimesambaa hadi kwenye pampu na valvu bodi: badilisha. Orodha ya spea itazidi thamani ya gia boksi nzima, na hata ukivinunua vyote, punje moja iliyojificha kwenye njia ya oili inatosha kukwamisha valvu.

Ya mtumba naiweka chaguo la mwisho, kwa gari ambalo thamani yake haibebi kingine. Nyutro atanisamehe.

Nyutro

Hapo kwenye sampu kushushwa kabla ya kulipa nimekuelewa, sipingi. Lakini CVT je? Hizo ndizo zinazowaliza watu.

BeringiNne

CVT ina sheria zake. Ndani kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili. Uhai wake wote ni kubana. Presha ikishuka sekunde chache mkanda unateleza, na ukiteleza unachora uso wa puli. Puli ikishachorwa hakuna kusugua wala kupaka: puli na mkanda vinabadilishwa pamoja, au gia boksi nzima.

Kwa hiyo swali la CVT ni moja: mkanda umeteleza au bado? Jibu linapatikana bila kuishusha, kwa kamera ndogo ya bomba kupitia tundu la valvu bodi au la sampu. Nissan wenyewe kwenye gari zao zenye mtetemo wanafuata njia hiyo: kodi ya P17F0 wanabadilisha CVT nzima; P17F1 wanaingiza kamera kwanza, mkanda ukiwa mzima wanabadilisha valvu bodi tu, ukiwa na alama za kuteleza wanabadilisha CVT nzima.

Ukibadilisha valvu bodi au CVT ya Nissan, data yake ya urekebishaji lazima iandikwe kwenye kompyuta. Usipoiandika, gari linatetemeka na kusukuma hata kama kila kitu ni kipya. Toyota nyingi nazo zina namba za fidia kwenye kibandiko cha gia boksi, ziingizwe kwa mashine.

Oili: CVT inataka oili ya CVT, ya daraja lake (NS-2 kwa NS-2, NS-3 kwa NS-3). Oili ya otomatiki ya kawaida haina mshiko ule ambao mkanda na puli vinauhitaji.

MzeeWaSampu

Za klachi mbili niziguse haraka. DQ250 ya Volkswagen ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na oili na filta yake ni kila kilomita 60,000. DQ200 ina klachi kavu, na mekatroniki yake (kompyuta na valvu kwenye kitengo kimoja) ina oili yake, mbali na ya gia. Ikitoa P17BF na gari likakosa mwendo, mara nyingi ni nyumba ya kihifadhi presha imepasuka ndani ya mekatroniki. Pampu inafanya kazi bila kupumzika mpaka kompyuta inaizima. Hiyo ni kazi ya mekatroniki, gia ni nzima. Anayekuuzia gia boksi kamili kwa kodi hiyo muulize kwanza ameona nini.

Tandamti

Tuseme uamuzi umepita, inafungwa nyingine. Wapi watu wanaharibu?

KipimoKwanza

Toki konveta. Hapo ndipo gia boksi nzima inapouliwa kabla ya kuwashwa. Isukume huku ukiizungusha mpaka idondoke ndani kwa hatua, mara mbili au tatu kutegemea aina. Kisha weka rula juu ya mdomo wa nyumba, pima kina hadi kwenye vishikio vya bolti, linganisha na kitabu. Gia boksi lazima ikutane na injini kwa mkono, pini za kuongozea zikiwa zimeingia. Ukitumia bolti kuivuta, unaikandamiza pampu na inapasuka. Ikishakaa, toki konveta izunguke huru na iwe na nafasi ya kama milimita 3 hadi 5 kabla ya kuifunga kwenye flaiwili.

Pili ni kipoza oili. Takataka za gia boksi ya zamani ziko ndani yake. Osha mipira na kipoza kwa pande zote mbili, au badilisha kipoza kabisa kama kulikuwa na chuma. Baada ya kufunga, weka mpira wa kurudi kwenye chombo, washa injini bila kuikimbiza: lita moja itoke ndani ya sekunde 30 au pungufu, isipokuwa kama kuna themostati kwenye njia hiyo na oili bado ni baridi. Ikitoka kidogo, kipoza kimeziba na gia boksi mpya itaungua kama ya kwanza. Huo mtihani hauna gharama, na sijui kwa nini haufanywi.

Tatu, ujazo. Unapimwa injini ikiwaka, gari likiwa limelala sawa, kwa nyuzi joto zilizoandikwa: gia boksi nyingi za Aisin ni karibu 40 hadi 45, ZF 6HP kati ya 30 na 50, na 722.6 ni 80 kwa kijiti maalumu cha kupimia. Joto lisomwe kwenye mashine, siyo kwa kugusa sampu. Pitisha lever kwenye gia zote, kila moja sekunde kadhaa, halafu fungua nati ya ukaguzi: oili itiririke nyembamba, ikianza kudondoka matone, funga.

Voltimita

Na ya nne: futa kumbukumbu za gia boksi ya zamani kwenye kompyuta, kisha ifundishe upya. Kompyuta ilikuwa imezoea kujaza klachi zilizochoka kwa presha kubwa. Klachi mpya zikipata presha hiyo, inagonga kila gia, na mwenye gari anaambiwa eti spea ni mbovu.

Nyutro

Swali la mwisho kwa MzeeWaSampu. Kuna wanaosema gia boksi yenye kilomita nyingi usiibadilishe oili, utaiua. Ukweli?

MzeeWaSampu

Gia boksi inayobadilishwa oili ikiwa bado inaingia gia vizuri haifi kwa sababu ya oili sahihi. Inayokufa ni ile iliyokuwa inateleza tayari, ikapelekwa kwenye oili mpya kwa matumaini, halafu oili ikabebeshwa lawama. ZF, pamoja na maneno ya "oili ya maisha" kwenye magari mengi, wao wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8.

Kama haijawahi kubadilishwa, usitumie mashine ya kusukuma kwa presha. Mwaga kwa nati, hutoka kama nusu au pungufu ya ujazo wote, pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile, tembea kilomita mia chache, rudia mara mbili. Kwenye mara ya kwanza shusha sampu, badilisha filta, futa sumaku. Kwenye 6HP zenye sampu ya plastiki, filta imo ndani ya sampu, kwa hiyo inabadilishwa nzima, na ukiwa hapo badilisha na ile sili ya mkono wa plagi ya mekatroniki, maana huanza kuvuja bila kelele.

Na gari likiharibika barabarani usilivute matairi yanayoendeshwa yakiwa chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa hakuna ulainisho, na unaweza kufika gereji na gia boksi iliyohitaji solenoidi tu ikiwa sasa inahitaji kila kitu. Lipandishwe kwenye gari la kubebea.